Siku Ngano Ilipoondolewa Bomani

Jumapili ya Desemba, Amalemba, Kakamega. Jua kali.

Jua limewaka tangu asubuhi na mimi bado sijaoga. Nguo za jana zinanuka moshi wa nyama. Nimezitupa kwenye karai huko nje na sina nguvu ya kuzifua. Kanisani sikwenda. Nilimwambia Baba Nekesa kwamba kichwa kinaniuma, naye akasema hata yeye haendi, basi tukabaki tukikwepana ndani ya nyumba hii ndogo, mmoja akiingia jikoni mwingine anakumbuka ana kazi sebuleni.

Nyinyi mnaokuja hapa kutafuta mapishi, leo sina. Mkate wa muhogo uko kwenye kurasa za nyuma, na kuku wa kuchoma pia. Leo naandika kwa sababu nisipoandika nitaongea, na jana nimeona kinachotokea nikiongea.

Kwa mgeni ambaye hajui: Nekesa ni binti yangu, ana miaka tisa, na mwili wake haupatani na ngano. Daktari mmoja wa Eldoret ndiye aliyetupa jina la kitu chenyewe, gluteni, kile kinachofanya unga wa ngano unate na kuvutika. Kikiingia tumboni mwa Nekesa, matumbo yake yanajiumiza yenyewe. Anatapika, anavimba, anakonda. Dawa hakuna. Dawa ni kutokula. Chapati kwaheri, mandazi kwaheri, mkate wa dukani kwaheri, keki ya siku ya kuzaliwa kwaheri.

Hebu jaribu kumwambia hivyo mtoto wa huku mwezi wa Desemba.

Nilijifunza kuoka upya, kama bibi arusi. Unga wa muhogo, wimbi kidogo, ndizi zilizoiva hadi zikaanza kuwa nyeusi, mayai, mafuta. Oveni sina. Natumia sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Unga usio na ngano haushikani, ukiutazama vibaya unapasuka. Kuna msomaji aliniandikia hapa chini nijaribu kuushikanisha kwa ute wa murere, ile mboga yetu ya kuteleza. Nilijaribu. Keki ilishikana vizuri sana na ikanuka mboga. Nekesa aliila yote akisema ni tamu, kwa sababu ni mtoto wa namna hiyo, hapendi mtu ajisikie vibaya.

Humu ndani tulishazoea. Sote tunakula chakula kimoja na ngano haivuki mlango. Shida yangu ilikuwa Matungu.

Matungu ni kwao mume wangu. Mama yake, ambaye wajukuu wanamwita Kukhu, anaishi huko peke yake tangu mzee afariki, miwa mbele ya nyumba na miwa nyuma. Kwa Kukhu, watoto hawapakuliwi kila mmoja na sahani yake. Wanawekewa sinia moja, obusuma, yaani ugali, katikati, kuku kando, mboga kando, na mikono yote inaingia hapo. Ndivyo walivyolelewa baba zao. Mtoto akionekana anakula peke yake kwenye boma lile, anaulizwa amegombana na nani.

Nekesa amekula peke yake huko miaka miwili. Nilikuwa nambebea mkebe wa chakula kutoka hapa, anakaa kwenye kistuli karibu nami, amewapa wenzake mgongo ili asione wanachokula. Na nilijua vizuri ninachofanya. Mke wa mtu kubeba chakula na kwenda nacho kwa mama mkwe, huku ni matusi. Maana yake ni moja tu, kwamba nyinyi mnaweza kutuwekea kitu kwenye chakula. Wake wa shemeji zangu walikuwa wakiuona ule mkebe wanatazamana.

Kukhu hakulalamika miaka yote hiyo miwili. Alikuwa anaufungua, ananusa, anasema "ni sawa," anaufunga.

Halafu mwezi wa kumi akanipigia simu, tena mimi mwenyewe, si kupitia kwa mwanawe. Akasema, "Mama Nekesa, hii mambo ya mkebe imenichosha. Shule ikifungwa leta mtoto akule na wenzake. Siku hiyo ngano tutaitoa kwa boma yote. Mwenye anataka chapati akulie kwa barabara."

Nilikuwa sokoni nachagua nyanya. Nililia pale pale, mwenye nyanya akaniuliza ni nani amekufa.

Kukhu alifanya kila kitu. Alianika muhogo wake mwenyewe, akachanganya na mtama, akafika kwenye mashine ya kusaga kabla mtu mwingine hajafika, akasimama pale hadi ikapanguswa ndipo akakubali kumwaga wake. Masufuria aliyasugua kwa majivu hadi chini. Shemeji zangu waliambiwa wasije hata na biskuti. Mtoto mmoja alilalamika kwamba Desemba bila chapati ni matanga, Kukhu akamwambia basi aanze kulia mapema, wengine watamfuata.

Nami nilioka tangu Alhamisi, mikate ya kutosha watoto wote, ili kwa mara ya kwanza wao wale chakula cha Nekesa badala ya Nekesa kutazama chao.

Na bado, tulipofika jana, nilikagua.

Niliingia jikoni nikasema nimekuja kusaidia. Nilinusa mwiko. Nilipitisha kidole ndani ya kikaango, nikakiangalia. Nilifunua kila debe la unga. Kukhu aliniona, kwa sababu si kipofu, na akaniacha. Alisema tu, "Angalia, mama. Angalia mpaka uridhike." Sikuona haya. Nilidhani ndivyo mama mzuri anavyofanya.

Mahali ambapo sikukanyaga ni kwenye moto wa nyama.

Moto wa nyama ni wa wanaume. Kwenye boma lile ukipeleka maji unaambiwa weka hapo urudi. Baba Nekesa na mdogo wake, Ben, walikuwa nyuma ya nyumba na mbuzi wao, wakigeuza mbavu juu ya wavu na kubishana kuhusu mpira. Nilisikia vicheko vyao. Nikasema moyoni, huko ni chumvi na moto, ngano itatoka wapi. Tena baba yake mwenyewe yuko hapo.

Watoto wakawekewa mkeka kando ya jiko na sinia katikati. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Nekesa aende, asiogope, lakini hakunisubiri. Aliingia katikati yao akasukumana, akamega obusuma, akachovya kwenye mchuzi pamoja na mikono mingine yote, na mtu akamwibia paja la kuku akapiga kelele kama mtoto wa kawaida anayeibiwa paja la kuku. Nilisimama mlangoni na sahani yangu sikuigusa.

Kisha Kukhu akatoka jikoni na firigisi kwenye kisahani.

Kwa watu wa huku firigisi si nyama ya kutania. Ni ya mwanamume mwenye boma. Tangu mzee aondoke, hupewa Baba Nekesa, kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Kukhu aliwapita wanawe wote, akainama, akampa Nekesa. Akasema, "Leo huyu ndiye mwenye boma." Ben alikohoa. Baba Nekesa alikuna kichwa, kisha akacheka, na sisi wote tukacheka. Nekesa aliila polepole, kidogo kidogo, akiwaangalia binamu zake mmoja mmoja ahakikishe wanaona.

Kwa saa moja hivi nilikuwa na furaha. Naandika hapa ili nisije nikasahau kwamba ilikuwepo.

Nyama ikaletwa. Baba yake alimkatia mbavu kwa mkono wake mwenyewe, Nekesa akaomba tena, akakatiwa tena. Mikate yangu ikaliwa ikaisha. Hata yule aliyetaka chapati aliomba kipande cha pili.

Wakati wa chai Nekesa alianza kushika tumbo. Nilimwona kabla hajasema. Alikimbia nyuma ya jiko akatapika, akatapika tena, uso umepauka, jasho linamtoka. Nilimshika kifua asianguke. Na kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni ile firigisi. Ile iliyotoka ndani bila mimi kuiona ikikaangwa.

Wote walikuwa wamekuja. Shemeji zangu, watoto, na jirani mmoja mwanamke aliyekuwa amekuja kuomba chumvi. Nikamgeukia Kukhu.

"Mama, umempa nini mtoto?"

Mahali pengine hilo ni swali. Huku, mbele ya watu, ukimwambia hivyo mjane anayeishi peke yake, hujauliza. Umeshajibu.

Kukhu alikuwa ameshika birika ya chai. Akasema, "Nimempa firigisi. Uliniona nikimpa."

Ningenyamaza hapo. Kweli ulimi hauna mfupa. Niliendelea, tena kwa sauti, nikamuuliza aliikaangia wapi, kwa mafuta gani, mbona hakuniita nione. Hakuna aliyenizuia, hata mume wangu. Jirani aliondoka bila kuaga na bila chumvi.

Aliyesema ni Ben. Hakuwa ananitetea wala kumtetea mama yake. Aliongea kama mtu anayekumbuka kitu katikati ya usingizi. "Lakini ile nyama si tuliimwagia bia?"

Waliloweka mbavu kwenye bia tangu asubuhi ili zilainike. Zikianza kukauka juu ya moto, wakawa wanazimwagia nyingine. Wanaume wa huku wengi huchoma hivyo na hakuna anayeona ajabu. Baba Nekesa alinitazama akasema, taratibu kabisa, "Bia si ngano."

Bia hutoka kwenye shayiri, na shayiri ina gluteni ileile. Daktari alieleza vizuri, lakini alinieleza mimi. Baba Nekesa siku hiyo alikuwa nje anaongea na simu. Na mimi nilipochoka kuwaeleza watu wa kwao gluteni ni kitu gani, nilifupisha. Nikasema ngano. Miaka miwili nawaimbia ngano, ngano. Nao wakaitoa ngano bomani kama nilivyotaka.

Nilimpigia Kukhu magoti palepale kwenye vumbi. Akaniinua kwa mkono, akasema, "Imeisha, mama," akanimiminia chai. Wanaomjua Kukhu wanajua kwamba jambo likiisha kweli hasemi limeisha, anakutania tu mnaendelea. Chai yangu ilipoa na hakuna aliyenihimiza kuinywa.

Tulirudi Kakamega Nekesa akiwa amelala mapajani mwangu, ndoo miguuni. Baba yake aliendesha gari bila redio. Karibu na Mumias alisema, "Sikujua," nikamjibu, "Najua hukujua," na hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya hadi nyumbani.

Leo mtoto hatapiki. Amelala kwenye kochi, tumbo limevimba, midomo mikavu. Atapona, nimeyaona haya. Mwili wake najua kuuguza.

Asubuhi Baba Nekesa aliosha vyombo vyote bila kuambiwa. Ndiyo namna yake ya kuomba msamaha, huwa haombi kwa mdomo. Simu ilipolia mikono yake ilikuwa na sabuni, akaweka spika, na hivyo sote tukasikia. Sote, hata aliyekuwa kwenye kochi.

Kukhu aliuliza mtoto ameamkaje. Akauliza kama amekunywa maji. Kisha akasema, "Krismasi kaeni huko tu."

Mume wangu akamuuliza kama bado ana hasira.

"Hasira sina," akasema. "Naogopa. Leo nimeenda kupika uji yangu mwenyewe, nikaosha sufuria mara tatu. Mimi hupikianga watu tangu nikuje kwa hii boma. Sasa huyo mtoto akikuja nitampa nini? Hata maji nitaogopa kumpa." Tukasikia anashusha pumzi. "Na hao wengine nimewaambia. Mwaka huu hakuna sinia. Kila mtu akulie kwake."

Niliichukua simu. Nilisema yote ambayo mtu anaweza kusema. Kwamba kosa ni langu, kwamba watu wote sasa wanajua ilikuwa bia, kwamba Nekesa hajawahi kula kwa furaha vile. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nimesikia, mama." Kisha, kama mtu anayenipa habari za hali ya hewa, akaongeza kwamba yule jirani wa chumvi amepita njiani leo asubuhi na hakumwamkia.

Sasa nimekaa hapa najiuliza nitamfuata yule jirani nimwambie nini. Kwamba mama mkwe wangu si mchawi? Ukienda nyumba kwa nyumba kumtetea mtu kwa jambo hilo, ndiyo unalisambaza. Naweza kwenda kwa Kukhu na sukari na leso mpya, kama inavyotakiwa. Atavipokea. Ataniwekea kiti na kuniuliza habari za nyumbani. Chakula hataniwekea, na mimi sitakuwa na mdomo wa kuuliza.

Bibi mmoja alikaa akafikiri namna ya kumrudisha mjukuu wake kwenye sinia. Hakuna mtu mwingine aliyefikiria hilo. Daktari hakufikiria, na mimi mama yake nilichofikiria ni mkebe. Jana nilimfunga mikono kwa sentensi moja, na sioni nani atamfungua.

Simuoni. Nimetafuta.

Alasiri niliwasha makaa nikaoka. Mikono ilitaka kazi. Muhogo, wimbi, ndizi, kama kawaida, na safari hii hata sikupima vizuri. Mkate ukatoka mzuri kuliko wote niliowahi kuoka. Umeumuka, haujapasuka popote, juu una rangi ya kahawia ya kupendeza. Siku nyingine ningeupiga picha niuweke hapa muone. Nilimkatia Nekesa kipande kikiwa bado moto, nikamwekea chai ya maziwa kando, kwa maana alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana.

Aliinuka akakaa. Akakitazama kipande. Hakukigusa.

"Mama, onja kwanza."

Nilicheka kidogo. Nikamwambia ni mkate wetu, ule wa siku zote, si ameniona nikiuchanganya hapo jikoni.

"Najua," akasema, kwa adabu kabisa. "Onja."

Wa huku wanajua ni nani huambiwa aonje kwanza. Ni yule unayekula kwake kwa sababu umekosa pa kwenda, lakini humwamini. Niliuma kipande, nikatafuna, nikameza. Alikuwa analitazama koo langu. Nikafungua mdomo aone kwamba hakuna nilichoficha kwenye shavu, na yeye akasogea, akachungulia kweli.

Nikasubiri.

Aliisukuma sahani kwangu kwa kidole. Akasema asante mama, atakula kesho.

Nimeufunika mkate kwa kitambaa. Baba yake ameuona, hajaukata, hajauliza. Kesho ni Jumatatu, nitapika uji wa wimbi na nitauonja mbele yake kabla hajaniambia. Na akisema tena kwamba atakula kesho, nitamjibu nini?